Kuku Aliyekufa Uani na Haki Zinazobakia

Katika nyumba nyingi za Maskati, Nizwa na Sur hapakosekani banda dogo la kuku uani, na mwenye nyumba atokapo alfajiri katika siku za joto la Juni pengine humkuta mmoja wao amelala ubavu, amekwisha kufa. Jambo hili ni dogo machoni pa watu. Wengine humrusha nyuma ya ukuta. Wengine humtia mfukoni wakampa mtumishi asiye Muislamu, wakidhani wamemfanyia hisani. Na wengine huona uchungu kupoteza nyama, wakakimbilia kisu na kujiambia kwamba huenda roho ilikuwamo bado.

Mas-ala ya kisu yamebainishwa. Aya ya 3 ya Suratul Maida imeharamisha mzoga, na ikamtoa katika uharamu huo mnyama aliyewahiwa kuchinjwa naye yu hai. Kuku aliyekutwa akitweta, akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, akapiga mbawa na damu ikatoka kwa nguvu, huyo amewahiwa. Aliyekwisha kupoa na shingo kulegea, kisu hakimbadilishi hali yake. Uzito uko kwa yule aliye baina ya wawili hao, ambaye mchinjaji mwenyewe hana hakika naye. Hapo hurejewa asili, nayo ni kwamba nyama haihalaliki ila kwa yakini ya kuchinjwa. Shaka haitoshi, ijapokuwa wageni wako njiani na sufuria iko jikoni. Tena hata aliyewahiwa, ikiwa alikuwa mgonjwa, kuchinjwa kumemhalalisha tu, hakukumwondolea maradhi.

Ama kumpa mtu mwengine, hapa ndipo penye mtihani. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka kwa mtumwa aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake, kilichoharamishwa ni kumla. Na imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba katika mwaka wa kufunguliwa Makka alikataza kuuza mzoga, na alipoulizwa juu ya mafuta yake yanayopakwa vyombo vya baharini, akayakataza. Wanavyuoni wametofautiana kama katazo hilo la pili ni la kuuza tu au la manufaa yote, na kwa hiyo wametofautiana pia juu ya kumlisha paka mzoga. Lakini kuku hana ngozi ya kutengenezwa, na mtumishi si paka. Mara nyingi yeye hampokei kuku yule kwa kuwa dini yake imemruhusu, bali kwa kuwa mshahara wake ni mdogo na hathubutu kumkatalia mwenye nyumba. Atoaye anajua kwamba kuku amekufa kwa ugonjwa asioujua. Nafsi yake imemkirihi, kisha akamwita zawadi. Hiyo ni ghishi, hata kama hakupokea baisa moja.

Wala paka naye si wa kudharauliwa. Mwaka 2004 katika bustani moja ya wanyama nchini Thailand, chui milia wengi walikufa kwa mafua ya ndege baada ya kulishwa mizoga ya kuku. Basi kuku aliyekufa bila ya sababu kujulikana hatupwi wadini wala jaani pasipo kufunikwa, kwani kideri na mafua ya ndege huhama kutoka banda hadi banda, na jirani ana haki yake. Hushikwa kwa mfuko au glavu, watoto wakiwa mbali, akafukiwa mbali na kisima na falaji, kwa kina ambacho mbwa hawezi kukifukua. Wakifa wengi kwa siku chache, huitwa daktari wa wanyama kabla ya kuhamishwa yeyote, aliye hai au maiti.

Hapo mtoto huja na kitambaa cheupe, akitaka amsomee Fatiha. Asichekwe. Kuku hana sanda wala sala, kwa kuwa hakukalifishwa. Lakini Aya ya 38 ya Suratul An-aam imewaita ndege kuwa ni umma kama watu, nao watakusanywa kwa Mola wao. Na kunguru ndiye aliyemfundisha mwana wa Adam kufukia maiti. Mtoto akijibiwa hivyo atatulia.

Lakini pengine mtoto huuliza kwa nini kuku amekufa, na suali hili wakubwa hulikwepa. Familia ilikwenda Salala wakati wa harifu kwa siku nne, ikaacha beseni moja la maji chini ya jua. Mwanamke aliyemfunga paka bila ya kumlisha wala kumwachilia ajitafutie, habari yake inajulikana. Kwa banda lililofungwa kwa komeo ni hivyo hivyo. Kufukia vizuri hakulipi deni hilo, wala kuku hawezi kuombwa msamaha. Aliyefanya hivyo hutubia kwa Mola wake, akamwambia mtoto kweli, akatafuta kivuli cha makuti kwa waliobaki, na safari ijayo akamwachia jirani ufunguo pamoja na ujira wa kuwatilia maji asubuhi na jioni.