Njia Ipitayo Mlangoni

Kitu cha umma ni kipi? Wengi hujibu upesi kuwa ni kile kilichojengwa kwa mali ya wote. Jibu hili ni jema, lakini ni nusu ya jibu. Kisima chaweza kuchimbwa kwa jasho la mji mzima, na asiye na kamba akafa kwa kiu ukingoni.

Mfano ni mji wa Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Shirika la umeme la huko, ambalo ni mali ya mji wenyewe, lilitandaza nyaya za nyuzi za kioo, zichukuazo habari kwa mwanga, ili mitambo ya umeme ipashane habari na hitilafu itengwe upesi. Fedha zilitokana na mikopo na msaada wa serikali. Nyaya hizo hizo zilileta intaneti, na mwaka wa 2010 kila nyumba katika eneo la shirika iliweza kununua kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Mji ulisifiwa, na sifa ilikuwa haki yake.

Lakini njia kupita mlangoni si kuingia nyumbani. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: ada iliyokuwa nyepesi kwa mmoja ilikuwa mzigo kwa mwingine. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule, na masomo yakahamia katika intaneti. Asiyekuwa nayo nyumbani alikuwa kama aliyefukuzwa darasani. Mwaka huo huo shirika, wakuu wa shule na wahisani waliungana, wakaazimia kuwapa intaneti bure wanafunzi wa nyumba maskini wapatao 28,000.

Yuko asemaye kwamba kila mtu alipie atumiacho. Neno hili lina uzito, kwa kuwa nyaya hazijitunzi, na fundi hastahili kufanya kazi bila ujira. Lakini mtoto hakuchagua nyumba ya kuzaliwa. Kumfungia elimu kwa ufukara wa wazazi wake ni kumwadhibu kwa kosa asilolitenda. Mji nao hupata hasara, maana huenda anayekosa somo leo ndiye tabibu atakayekosekana kesho.

Basi, msomaji, usikiapo kuwa mji fulani unaongeza nyaya zake, sifu urefu wake, kisha uliza ni nani aliyebaki nje. Kitu cha umma hukamilika kinapomfikia wa mwisho.