Kipara cha Mferejini

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiombea nyasi. Si ombi ambalo ningelisema kwa sauti mbele ya wazee wa kanisa, lakini kila nilipomaliza kufagia uwanja wetu hapa Rhonda, Nakuru, nilisimama kando ya kile kipara, nikanong'ona.

Kipo mferejini, majirani wanapochotea maji. Upana wake ni kama mikeka miwili. Kwingineko uwanjani zimejaa nyasi za kikuyu, zinazotambaa bila kuombewa na mtu. Pale ni tope, utando wa kijani wenye utelezi, na maduara ya matako ya mitungi ya lita 20. Nilipanda mara mbili. Mara mbili zikaoza.

Shosho mmoja kwenye foleni alinitazama nikipanda mara ya pili. "Mwanangu, hapa ni sisi tunaota jua. Nyasi itaota saa ngapi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila moyoni nilikereka. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya seng'enge.

Mwezi wa Aprili, masika yalipokolea, nilichimba badala ya kupanda. Foku jembe ikadunda kama kwenye sakafu. Vidole vinne vya udongo uliokanyagwa hadi ukashikana, na juu yake maji yametuama. Nikatia mkono chini yake: vumbi. Lile jivu jepesi la volkano ambalo Nakuru imelikalia, kavu kabisa, likanimwagikia kati ya vidole. Nilipiga magoti pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Miaka yote hiyo nilidhani mahali hapa pamelewa maji, kumbe pana kiu.

Tumezoea kusema mvua ni baraka, na tukishasema hatuulizi tena inakwenda wapi. Ziwa letu la Nakuru lilikaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990. Tangu mwaka 2010 hivi limepanda hadi likafunika lango la mbuga, na migunga imekufa wima ndani ya maji. Hujiuliza ni ibada ngapi zimenipita juu juu kama maji ya kile kipara, nikatoka kanisani nimelowa chepechepe, ndani halijafika tone.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilitoboa lile gamba hatua kwa hatua, nikachanganya mchanga na samadi iliyooza, nikachimba mtaro mwembamba wa kupeleka maji ya mfereji kwenye mgomba. Seng'enge sikununua. Nilipanga mawe bapa pale watu wanaposimama, maana kiu yao ilikuwapo kabla ya ombi langu. Vipande vya nyasi nilivitoa kandokando, kila kimoja na vifundo viwili au vitatu, nikavifukia shibiri kwa shibiri.

Kisha kungoja. Hapo ndipo pagumu: mkono hutaka kuchomoa uone kama mizizi imeshika. Nilichomoa kimoja. Kilikuwa kimeshika. Nikakirudisha haraka, nikitazama huku na huku kama mwizi.

Leo asubuhi shosho ametua mtungi wake juu ya jiwe. Kijitawi cha nyasi, urefu wa kidole, kimepenya kati ya mawe mawili kikielekea mferejini. Ameinama, akausogeza mtungi kidogo, akaendelea kuota jua.