Chemchem ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Muislamu, leo umetawadha. Je, maji yale yametoka wapi? Hapa Uvira, Regideso inachota mto Mulongwe, na Mulongwe unatoka huko juu katika milima ya Mitumba. Mlima ukivuliwa miti, mvua haiingii ardhini kulisha chemchem. Inashuka na matope na mawe. Tuliyaona Aprili 2020: Mulongwe ulifurika, watu wakafa, maelfu ya nyumba yakabomoka, na mitambo ya maji ikaharibika. Mji ulijaa maji, na maji ya kunywa hayakuwepo. Anayechota ovyo mtoni na ziwani anajua kipindupindu kinapita njia gani.

Kuhifadhi mahali si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina haram: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe. Bonde la Naqii alilitenga kuwa hima, malisho ya farasi wa Waislamu. Tena alikataza mtu kujisaidia penye maji ya watu. Basi msitu wa Itombwe ulipofanywa hifadhi mwaka 2006, Muislamu asiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Mito Elila na Ulindi inaanzia katika milima hiyo.

Utasema: "Imamu, mchoma makala naye ana watoto." Ni kweli. Sayyidna Umar (R.A.) alimwagiza mlinzi wa hima amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, asiwatangulize matajiri. Kulinda bila kumwangalia maskini ni dhulma. Lakini kuumaliza mlima kwa faida ya wachache, kisha maskini wa bondeni afukiwe na matope, hiyo pia ni dhulma.

Basi, wewe mwenye shamba mlimani, acha miti izunguke chemchem. Usichimbe choo wala kutupa taka juu yake. Usijenge katika njia ya mto. Wewe unayenunua makala, usiwashe zaidi ya haja yako, na panda mti. Sayyidna Uthman (R.A.) alinunua kisima cha Ruma akakitoa waqfu kwa watu wote. Wewe huna mali yake, lakini mti uliopanda penye chemchem ni sadaka yenye kuendelea hata ukiwa kaburini.

Ee Allah, tunyweshe mvua ya rehema, usitunyweshe mvua ya adhabu. Amin.