Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Siku moja ya soko hapa Minova nilinunua mbuzi jike. Mbuzi walikuwa wengi siku ile, wengine wakilia, wengine wakivuta kamba hata kuwaangusha watoto waliowashika. Wangu alisimama kimya kabisa. Mwuzaji alikuwa amemfunga mdomo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaniambia: "Baba, huyu ni mpole. Nimemfunga tu asile kabichi za mama za watu njiani." Nikamsifu mbuzi kwa upole wake, nikatoa faranga bila kubishana sana. Kufika nyumbani nikaukata ule mpira. Chini yake manyoya yalikuwa yamekwisha na ngozi imechunika, na yule mpole akalia usiku kucha hata jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Tangu siku ile nina swali, nami nataka tulifikiri pamoja, wasomaji wapenzi: mnyama anyamazaye, je, ndiye mnyama aliyekubali?

Wenye farasi huko Ulaya wamelijadili swali hili kwa ukali miaka hii. Kwetu Kivu farasi ni mnyama wa kusikika katika Maandiko Matakatifu kuliko wa kuonekana kwa macho. Milima yetu ni mikali, na katika nchi za chini mbung'o aliwaua farasi na punda wa misafara ya zamani. Kwa hiyo, tunaposoma Zaburi ya 32, ambayo yatuonya tusiwe kama farasi au nyumbu wa kuongozwa kwa lijamu na hatamu, wengi wetu hatuvijui vyombo vyenyewe. Lijamu ni kile chuma kiingiacho kinywani. Hatamu ni mikanda ya kichwani pamoja na ile ashikayo mpandaji mkononi. Tena kuna mkanda mwingine, uzungukao pua na taya, ambao Wafaransa huuita muserolle. Sisi tuuite mkanda wa pua.

Mkanda huo una namna nyingi. Uko ule wa kawaida ukaao juu ya lijamu. Uko wenye ukanda mdogo wa pili upitao chini ya lijamu. Uko ule ufungwao chini karibu na matundu ya pua. Uko wa kupishana kama msalaba. Kazi yake ni kumzuia farasi asipanue kinywa na kuikwepa lijamu. Kuuchagua na kuufunga kwataka akili. Usipande hata kusugua mfupa wa shavu, wala usishuke mno, kwa maana mfupa wa pua ni mwembamba kule mwishoni, na farasi hawezi kuvuta pumzi kwa kinywa kama sisi. Ukimbana pua umembana uhai. Tena wenye hekima tangu zamani husema: acha nafasi ya vidole viwili vya mtu mzima chini ya mkanda.

Lakini vidole hivyo viingie wapi? Hapo ndipo ujanja ulipo. Ukivitia ubavuni, penye nyama laini, vitaingia hata kama mkanda umekaza. Ni lazima kupima mbele, juu ya mfupa wa pua, mahali pasipobonyea. Nadhani nasi twaujua upimaji wa ubavuni. Mtu humwuliza mtumishi wake "Je, u salama?" mbele ya wageni, naye hujibu "Ndiyo, bwana."

Katika mwaka 2017 wataalamu walitangaza vipimo vya farasi 750 wa mashindano katika Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Katika kila farasi 100, kama 44 walikuwa wamefungwa hata kipimo kisiingie kabisa; wenye nafasi ya vidole viwili walikuwa 7 tu. Mwaka mmoja kabla, wengine huko Australia waliwajaribu farasi 12. Mkanda ulipokazwa sana, moyo ulipiga mbio na kutafuna kukapungua. Ulipofunguliwa, farasi walipiga miayo, wakameza, wakalamba midomo kupita kawaida, kama watu walipao deni. Niliposoma hayo nilimkumbuka mbuzi wangu. Hata shirikisho la dunia la michezo ya farasi, FEI, mwaka 2025 lilianza kutumia kipimo chake la lenyewe, cha nafasi ya sentimeta 1.5, ili kila farasi apimwe namna moja.

Kwa nini basi watu hukaza? Kwa sababu farasi akipanua kinywa, mwamuzi huona na kupunguza alama. Na mara nyingi kinywa hupanuka kwa kuwa mkono wa mpandaji ni mzito. Mkanda haukuuponya mkono ule, uliuficha tu.

Sisemi mikanda yote ikatwe. Mbuzi asiye na kamba atakula kabichi za jirani, na jirani naye ana haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu akizoea ukatili kwa wanyama huweza kuwa mkatili kwa watu. Ni kweli, lakini naona kwamba mnyama mwenyewe pia ana madai kwetu, naye Mwumba wake ameyasikia. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yezu alimponya siku ya Sabato mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Walipomlaumu, aliwakumbusha kwamba hata siku ile kila mmoja wao hufungua ng'ombe au punda wake apate kunywa maji. Je, binti wa Abrahamu asifunguliwe? Bwana wetu hakuona haya kuwataja pamoja.

Nami kila niendapo pwani ya ziwa, mitumbwi ikifika, nawaona mama zetu wamepinda chini ya magunia, kamba imepita juu ya paji la uso. Kamba ile huacha alama ambayo haifutiki hata siku ya Dominika. Hawasemi neno. Juma lililopita nilimwuliza mmoja gunia lake lina uzito gani. Akacheka, akasema: "Baba, tajiri analipa la kilo 50. Hajaniuliza mtu."

Tukalipeleka kwenye mizani ya mwuza maharagwe. Mshale ukasimama kwenye 78.