Kabla Hujaruka, Uliza Kuna Nani Chini

Wanangu mlioko vyuoni, nanyi mnaojifunza kazi gereji, wodini na kwenye majengo, nisikilizeni. Kazi nyingi mtakazozifanya zitagusa uhai wa watu msiowajua, ambao hawakuombwa ruhusa. Kwa hiyo kabla hujaianza kazi, jiulize: mambo yakiharibika, yatamwangukia nani? Swali hilo nataka mlibebe maisha yenu yote, na nitawaeleza kwa nini.

Tarehe 6 Desemba 1990, katika mji mdogo wa Casalecchio di Reno, kando ya Bologna nchini Italia, watoto walikwenda shule kama kawaida. Asubuhi hiyo ndege ya jeshi la anga la Italia, aina ya Aermacchi MB-326, iliruka kutoka Villafranca karibu na Verona kwa ajili ya mazoezi. Ndani alikuwamo rubani peke yake. Akiwa angani injini ikaharibika. Rubani akaelekea uwanja wa ndege wa Bologna, na njia ya kwenda huko hupita juu ya makazi ya watu. Ndege ikamshinda. Akafyatua kiti cha kujiokoa, akashuka kwa parachuti, akaumia lakini akapona. Ndege ikaendelea bila mtu hadi ikaipiga shule ya ufundi wa biashara ya Salvemini.

Darasa la 2A walikuwa katika kipindi cha Kijerumani. Ndege ilitoboa ukuta ikaingia humo humo darasani, mafuta yakalipuka moto, moshi ukajaa jengo zima. Wanafunzi wa madarasa mengine waliruka madirishani kuokoa roho zao. Waliokufa ni wanafunzi 12, wasichana 11 na mvulana mmoja, vijana wa miaka 15 hivi. Watu 88 walipelekwa hospitali, na wengi wao wamebaki na ulemavu mpaka leo.

Italia haikuwa vitani siku hiyo. Na MB-326 haikubuniwa kuwaua watoto: iliruka mara ya kwanza mwaka 1957 kama ndege ya kufundishia marubani, ikauzwa nchi nyingi, zikiwemo Ghana, Zambia na Zaire ya wakati ule. Hakuna aliyewatakia mabaya watoto wa 2A, na bado walikufa. Nia njema peke yake haimlindi mtu.

Nasaha yangu ya kwanza ni hii: amueni mapema. Ndege ile ina injini moja tu. Ikizima, rubani amebakiwa na dakika chache za kuchagua aelekee wapi, mjini, mashambani au baharini. Asiyewaza hayo akiwa bado chini, atayawaza huku hofu imemshika koo. Nanyi ni vivyo hivyo. Dereva mwenye breki mbovu asingoje mteremko ndipo akumbuke abiria. Muuguzi mwanafunzi asiye na hakika na kipimo cha dawa aulize kabla hajashika sindano, hata kama atagombezwa mbele ya wenzake. Kugombezwa kunapita; kifo hakirudi.

Ya pili ni kwa wale mtakaopewa madaraka. Kijana anayejifunza hachagui peke yake mahali pa kujifunzia. Mkubwa wake ndiye humpangia. Tarehe 30 Juni 1959, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-100 iliangukia nyumba za watu na shule ya msingi ya Miyamori kisiwani Okinawa. Watu 17 walikufa, 11 kati yao wanafunzi. Tarehe 21 Julai 2025, ndege ya jeshi la anga la Bangladesh iliyokuwa katika mafunzo iliangukia shule ya Milestone, eneo la Uttara jijini Dhaka. Rubani alikufa, na jumla ya waliokufa ilizidi 30, wengi wao watoto. Miaka zaidi ya 60 imepita kati ya misiba hiyo, na mazoezi bado yanafanywa juu ya mapaa ya watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkubwa anayepanga ratiba apange kana kwamba mwanawe yumo katika darasa lile.

Ya tatu ni ngumu zaidi. Mwaka 1995 mahakama ilimtia hatiani rubani wa Casalecchio pamoja na maofisa wawili. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ikawaachia, na mwaka 1998 mahakama ya juu ikaithibitisha hukumu hiyo. Wazazi waliwakuta mawakili wa serikali wakiwatetea wanajeshi, ilhali watoto wao walifia katika shule ya serikali hiyo hiyo. Mimi si hakimu, na waliokwisha kuachiwa siwahukumu upya. Ila nawaambieni, mahakama kukuondolea kosa hakukuondolei wajibu kwa aliyeumia. Ukimdhuru mtu bila kukusudia, nenda kwake. Mweleze ukweli wote, mpe pole, msaidie kwa ulicho nacho, wala usijifiche nyuma ya wakili wala nyuma ya cheo.

Tazameni walivyofanya waliofiwa. Waliunda chama chao, jengo lile halikubomolewa, na leo ni Nyumba ya Mshikamano yenye jina la Alexander Dubček. Humo mna ofisi za vikundi vya kujitolea, na kituo cha kuwasaidia waliopatwa na majanga na uhalifu. Darasa la 2A limehifadhiwa kwa kumbukumbu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wazazi wale hawakupoa, lakini uchungu wao wameugeuza kuwa msaada kwa wengine.

Basi wanangu, someni, rukeni, jengeni, tibuni, nchi inawahitaji. Ila kila mnaposhika usukani, sindano au bisibisi, ulizeni kwanza kuna nani chini. Usipokuwa na jibu, usianze kazi. Na anayekulazimisha uanze bila jibu, mkatalie, hata akiwa mkubwa wako.