Saa ya Kweli kwa Pesa Yako

Mjukuu wangu, kaa hapa. Maneno haya nimewaambia wengi kabla yako, na waliosikia ni wachache. Hata hivyo nitayarudia, maana wewe ni damu yangu.

Unaitamani Omega Speedmaster, wala sikulaumu. Saa ile ina heshima yake. Ilitoka mwaka 1957, NASA wakaijaribu na kuikubali mwaka 1965, na Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin akatembea nayo mwezini. Lakini ikiwa mpya bei yake inapita dola 6,000, nawe unaniambia utakopa. Mkopo wa ada nauelewa, wa matibabu nauelewa. Mkopo wa kupendezesha mkono sijauelewa mpaka leo, na waliouchukua nimewaona wakiuza saa kwa hasara ili walipe riba.

Basi sikiliza habari ya safari ya Apollo 15. Mwaka 1971 David Scott alikuwa mwezini, kioo cha Omega yake kikang'oka. Je, alikaa kitako akalia? Alivaa Bulova yake mwenyewe, akatoka nje tena na kazi ikakamilika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bulova wanauza hadi leo saa yenye sura ileile, ya betri, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Omega. Naye mwanaanga William Pogue alikwenda kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973 na Seiko aliyojinunulia, akakaa angani siku 84.

Ukipenda ya kutia ufunguo, ipo Seagull 1963 ya Tianjin, China. Mashine yake imetokana na mashine ya Venus 175 ya Uswisi, na asili yake ni saa ya marubani wa jeshi la anga la China. Na kama ni jina la Omega tu linalokukosesha usingizi, Swatch walitoa MoonSwatch mwaka 2022 kwa dola 260, na jina hilo limeandikwa usoni mwake kihalali.

Ila feki usiniletee hapa nyumbani. Ukiivaa utaishi ukificha mkono mbele ya anayejua, na ikiharibika hakuna fundi wa maana atakayetaka kuifungua.

Ukienda dukani usiwe na pupa. Saa hizi zote nilizokutajia zina vitufe vya kupimia muda, basi vijaribu. Bonyeza kitufe cha juu: mshale mrefu uanze kwenda palepale bila kusita. Bonyeza tena, usimame. Bonyeza cha chini, urudi kwenye 12 sawasawa, si kabla yake wala baada. Kisha vitazame vile visaa vidogo vya usoni. Kwenye feki nyingi vimewekwa kama pambo tu, havipimi kitu. Uliza na fundi gani ataihudumia, na vipuri vinapatikana wapi.

Sikukatazi kutamani. Weka akiba kidogo kidogo, na siku ukiinunua Omega kwa jasho lako, njoo unionyeshe, nitafurahi pamoja nawe. Kwa sasa chukua ile unayoweza kuilipa yote siku hiyohiyo, ukaondoka dukani hudaiwi na mtu. Mungu akupe riziki ya halali na moyo wa kuridhika nayo.