Baghala Hajazi Dodoso

Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar ibn al-Khattab, akiwa Madina, alihofu baghala asije akajikwaa huko Iraki, Mungu akamwuliza kwa nini hakumsawazishia njia. Mimbarini kisa hiki hutolewa kuwa sifa ya kiongozi mchamungu. Kina zito zaidi: baghala halalamiki. Haki yake haikungoja anung'unike.

Siku hizi wananchi huulizwa kwa dodoso wameridhika kiasi gani na barabara zao. Si swali baya, ila jibu lake huteleza. Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa wa India, ameonya kwamba aliyedumu katika dhiki hupunguza matamanio yake yakalingana na alichonacho. Mwanakijiji aliyezoea kukwama kwenye tope atashangilia changarawe. Mwenye gari mjini atafoka kwa shimo moja. Kwa majibu matupu, wa kwanza ndiye ataonekana kahudumiwa vizuri.

Tazama Nairobi. Tangu Mei 2022 magari hupita kwenye Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa kulipia. Bodaboda, tuktuk na waendao kwa miguu hawaruhusiwi. Anayewahi ndege atakuambia nchi imeendelea, wala hasemi uongo. Chini ya nguzo zilezile, kibarua anayekwenda viwandani kwa miguu anavizia mwanya wa kuvuka Barabara ya Mombasa. Nchini Kenya, watembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa barabarani.

Waliokufa hawahojiwi.

Kinaa ni sifa njema, na asemaye "alhamdulillahi, angalau pana pa kupita" astahili heshima. Lakini shukrani hiyo ni baina yake na Mola wake. Waziri akiigeuza kuwa alama za ufaulu wa wizara, amejitwalia kisicho chake. Mtume alipohesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, hakuweka sharti kwamba mpita njia alalamike kwanza.

Wapo vijana wanaojaza mashimo kwa kifusi, kisha wakawanyooshea madereva mkono. Wengine huwaona ombaomba. Kwa kipimo cha hadithi ile, wanafanya jambo la imani. Hata hivyo dereva anayewatupia sarafu alishalipa: tangu Julai 2024, kila lita ya petroli Kenya hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18 za awali.